Nyota za Karatasi za Mazishi

Mama Kitonga aliingia kanisani na katoni ya peremende kichwani, akaishusha juu ya meza ya sadaka kama mtu anayeweka jiwe la mpaka.

"Mwalimu," alimwambia Mbula, msichana ambaye hata kitinda mimba wa mama huyo alimshinda umri. "Nasikia mwaka huu watoto wetu hawataki tamu."

Wanawake waliokuwa wakisafisha kanisa kwa ajili ya ibada ya Krismasi walipunguza kasi ya ufagio. Hakuna aliyetaka kupitwa.

"Si kwamba hawataki, mama." Sauti ya Mbula ilikuwa na tabia ya kumkimbia kila alipoihitaji. "Tuliona watengeneze vitu kwa mikono yao, wawape wazazi."

"Mliona wewe na nani?"

"Mimi na mchungaji."

"Aa. Na mimi mwenyekiti wa akina mama nilikuwa Uganda."

Mmoja wa wanawake alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Katika kanisa hilo la Kilungu, kila Krismasi baada ya baraka, peremende zilirushwa mlangoni na watoto wakazigombania. Aliyeanzisha alikuwa Kitonga, mwana wa mama huyu. Alikuwa dereva wa lori, na kila alipotoka Mombasa kuja sikukuu alinunua katoni nzima pale Mtito Andei. Alipofariki barabarani, mama yake aliendelea kurusha kwa mkono wake mwenyewe. Mbula, aliyekuwa amefika tu kutoka Kitui na cheti chake cha chuo kufundisha watoto wa chekechea, aliiona desturi hiyo Krismasi iliyopita. Wakubwa walijaza mifuko. Chini yao aliokotwa mtoto mmoja mdogo, mdomo umejaa damu na jino limeng'oka. Mbula alimfuta, akanyamaza, na akanyamaza hivyo karibu mwaka mzima kabla ya kupata ujasiri wa kumwendea mchungaji. Kumwendea Mama Kitonga hakuweza. Alimwogopa.

Sasa wote walitazama juu. Darasa la shule ya Jumapili, ambalo Mbula alilifundisha pia, lilikuwa limepamba kanisa tangu asubuhi. Kulikuwa na kengele za trei za mayai, maua ya maganda ya mahindi, vifuniko vya soda vilivyotobolewa na kufungwa kwa kamba za katani. Lakini kilichong'aa zaidi ni nyota na minyororo ya karatasi, iliyogandishwa kwa uji wa unga wa ngano na kuvutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Watoto wenyewe walikaa kwenye benchi la mbele, vidole bado vinanata, wakisubiri kusifiwa.

"Karatasi nzuri," Mama Kitonga alisema polepole. "Mlitoa wapi?"

"Kwa sanduku, nyuma ya jukwaa. Zilikuwa zimerundikwa huko, nikajua hazina kazi."

Mama Kitonga alisogea hadi chini ya nyota kubwa kuliko zote, ile iliyoning'inia juu ya madhabahu. Alivaa miwani yake. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umekauka.

"Nani amemtia mwanangu makasi?"

Hapo ndipo Mbula alipoelewa. Zilikuwa programu za mazishi. Zile za karatasi ya kung'aa, zenye picha ya marehemu mbele na historia ya maisha yake ndani, ambazo familia huchapisha nyingi kuliko waombolezaji, na zinazobaki huachwa kanisani. Alikuwa ameona nyuso, ndiyo. Kwa mtu wa Kitui zilikuwa nyuso tu. Aliwaambia watoto wakunje picha ziangalie ndani, lakini watoto walipenda rangi ziangalie nje.

"Huyu ni baba," mwanamke mmoja alisema, kidole juu kwenye mnyororo. "Baba yangu amekatwa shingo."

"Mama Musyoka yuko hapa. Nusu."

"Hawa wasomi. Mtu anaacha kwao anakuja kuchezea maiti zetu."

"Sikujua," Mbula alisema. "Naomba mnisamehe, sikujua ni nani."

"Ungeuliza," Mama Kitonga alimkata. "Lakini wewe huulizi. Unapita nyuma ya watu. Peremende za mwanangu ni sumu, sura yake ni takataka. Mutiso, leta ngazi. Shusha kila kitu."

Mutiso, mlinzi wa kanisa, alileta ngazi, akapanda hadi katikati, akashika mnyororo.

"Polepole hapo," sauti ilitoka chini. "Huyo ni mama yangu unavuta."

Aliuachia. Akashika mwingine.

"Na huyo ni shemeji. Ukimrarua utanitambua."

Mutiso alikaa juu ya ngazi, mikono magotini. "Sasa niambieni nimrarue nani," alisema. "Mimi naona mnanionea. Hizi karatasi si ndizo mnawashia moto wa chai kila mkutano? Mimi ndiye huwaletea. Mwezi uliopita mliniambia niongeze."

Ufagio mmoja ulianguka. Hakuna aliyeinama kuuokota.

"Nani amewasha moto na mwanangu?" Mama Kitonga aliuliza.

Wanawake waliangalia sakafu waliyotoka kuisafisha. Aliwazungukia kwa macho, mmoja mmoja, marafiki wa miaka mingi.

Kutoka benchi la mbele, Kanyiva, binti wa Kitonga, alisimama. "Susu," alimwita bibi yake, "ile nyota ni mimi. Mwalimu alikuwa kwa wale wadogo. Nilikata pembeni tu, sikumkata baba. Nilitaka akae juu."

Bibi yake hakumtazama. Alitazama ile nyota, halafu Mbula.

"Mapambo yatakaa," alisema. "Hakuna wa kuyashusha, mmesikia wenyewe. Lakini wewe hutakaa. Kuanzia kesho darasa hili ni langu. Nenda kamwambie mchungaji wako."

Mbula alifungua mdomo ili kuwatetea watoto, au pengine kujitetea, lakini kilichotoka ni, "Sawa, mama." Aliokota makasi yake, akayafunga kwa leso.

"Mlitumia gundi gani?" Mama Kitonga alimwuliza kutoka nyuma.

Mbula alisimama mlangoni. "Uji wa ngano."

"Panya watamla," Mama Kitonga alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa imepoa hata kidogo. "Umemweka mwanangu juu, na panya watamla."

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa, na watu waliimba shingo zikiwa juu, kila mmoja akitafuta wake. Mbula aliketi nyuma kabisa. Baada ya baraka, Mama Kitonga alisimama mlangoni na kurusha peremende kama kawaida, kwa nguvu, kana kwamba anawapiga mawe. Watoto walirukia. Kanyiva peke yake alibaki ndani, amepanda juu ya benchi, akipuliza ile nyota ili igeuke, aone uso wa baba.