Ondoa Ndani ya Mufuko ya Adolphe

“Mama Angélique, karata yenye kuondoa zingine, weye ungesema inafaa ngombe ngapi?”

Ni Étienne aliniuliza vile, mupangaji wangu hapa mutaa ya Bigo, siku ya dimanche, siku ya kanisa, kisha misa ya pili. Nilikuwa nachambua maharagi kwenye baraza yangu. Nilijibu mbio sana. Mungu anisamehe. Sijui kama jibu ingine ingebadilisha kitu, lakini chumba ya nyuma ya nyumba yangu iko na watu walewale mpaka leo.

Étienne alikuwa mwalimu kule karibu na Fataki, mbele vita ifukuze watu. Ile miaka ninayoisimulia, bunduki ilikuwa imenyamaza, lakini hakuna mutu aliyesema kama imekufa. Alikodi kwangu ile chumba ya nyuma pamoja na bibi yake Micheline. Kazi hakuna. Basi akakumbuka muchezo moja aliyouona ndani ya kambi ya wakimbizi kule Uganda: vijana wanakuwa na karata ya picha, kila mutu na zake, wanabadilishana kwanza, kisha wanacheza. Karata zenyewe hakuwa nazo. Alikata makarto ya biskuti, akachukua biki, akachora.

Micheline alimucheka sana.

“Ngombe gani hii iko na miguu tano?”

“Ile ni mukia.”

“Mukia inagusa chini? Masikini. Ngombe ya mutu wa shamba, inaonekana tu.”

Adolphe naye alicheka. Adolphe ni mudogo wa marehemu bwana yangu, Constant. Siye wawili ni watu ya ngombe; Étienne na Micheline ni watu ya shamba, na vita ilikuwa kati ya hizo pande mbili. Malisho yetu na shamba ya Étienne vilikuwa kwenye kilima kimoja kule Fataki, na kijito kidogo katikati. Constant alikufa kule juu, siku ngombe zetu zilichukuliwa. Nani alimuua, hatukujua. Mimi nilipeleka ile neno kwa Mungu, nikaiacha kule. Adolphe hajaniambia yeye aliipeleka wapi.

Muchezo ulikuwa mwepesi. Kuku na jembe, pointi moja. Ngombe, tatu. Shamba, ine. Nyumba ya mabati, nane, na ilikuwa moja tu, ya Étienne mwenyewe: aliichora sawasawa na ile aliyoacha Fataki, madirisha mbili na muparachichi mbele ya mulango. Kila mutu anachanganya zake, anavuta chache mukononi bila kuangalia, na kwa zamu yake anaweka karata moja juu ya mukeka. Mwenye kufika pointi makumi tatu anashinda.

Karata yenye jina Ondoa haikuwa na pointi hata moja. Unaiweka juu ya karata ya mwenzako, na zote mbili zinaenda ndani ya babula, kwenye makaa. Étienne ndiye alitaka vile.

“Kitu kikiondoka, kiondoke kweli,” alisema. “Haiko kuficha nyuma ya mugongo.”

Alichora Ondoa tatu tu. Mbili ziliungua siku ya kwanza. Micheline alichoma ile ngombe ya miguu tano, tukacheka mpaka machozi. Ya tatu ilibaki mukononi mwa Micheline, na Adolphe akaitaka. Hapo ndipo Étienne aliniuliza bei, kwa kuwa wote waliniona kama mutu asiye na upande.

Nilipima vile ninapimaka unga sokoni: hiki kinatoka, hiki kinaingia.

“Inaondoa moja, kisha nayo inakufa,” nilisema. “Ni moja kwa moja. Lakini mwenye nayo anachagua, basi muongeze kidogo. Ngombe mbili.”

“Hata kama itaondoa nyumba, Mama?”

“Mara moja tu, Étienne. Ngombe mbili.”

Micheline aliitoa bila kubishana. Kisha akaniambia pembeni: “Siku moja tutarudi kule, tutakuwa tena jirani ya Adolphe. Afadhali ajue siye si watu wa kukatalia mutu.” Adolphe alimupa ngombe zake mbili. Ile Ondoa akaitia ndani ya mufuko ya shati, pamoja na karte yake ya uchaguzi, akafunga kifungo.

Dimanche iliyofuata, Étienne alikuwa na nyumba mukononi. Nilimuona akiangalia ile mufuko. Akaweka jembe. Micheline alikuwa na ngombe; akaweka kuku. Nami nilikuwa na shamba mbili nzuri. Nikaweka kuku. Adolphe peke yake aliweka ngombe juu ya ngombe, kwani nani angemuondolea? Alishinda. Dimanche ingine, vile vile. Na ingine. Ondoa hakuiweka hata mara moja. Alipapasa tu kifungo, kama mutu anayekuna kifua, na siye tuliteremusha kuku zetu.

Micheline aliacha kuchekesha. Siku moja aliuliza tu, akimuita yaya kama kaka mukubwa, “Yaya Adolphe, ile karata haikuunguzi kifua?” Adolphe akamujibu, “Inalala.”

Ni ile siku nilielewa kosa langu. Nilipima kile Ondoa inachukua ikianguka juu ya mukeka. Sikupima kile inachukua wakati imelala ndani ya mufuko. Ikianguka, inachukua kitu moja. Ikilala, kila mutu anaficha vyake vyote, na hakuna moto, hakuna kelele, unaweza hata kusema tuko tunacheza vizuri.

Wiki hiyo habari ilikuja: watu wanaanza kurudi Fataki, lori itaondoka mardi, siku mbili kisha dimanche. Micheline alifunga sufuria na nguo ndani ya vitambaa mbili, akaweka mbegu ya maharagi juu. Étienne alienda kwa Adolphe kumuuliza, tukirudi, itakuwa namna gani pale kwenye kijito? Adolphe alisema, “Nani amesema kitu?” Étienne aliniletea hiyo jibu. Tuliigeuza huku na huku siye wawili, hatukupata upande wake.

Basi dimanche nilisali rozari nzima mbele wafike. Walipokaa kwenye mukeka, nilichukua karata zangu zote, nikazipanga mbele ya Adolphe.

“Shemeji, twaa. Ziko makumi mbili, na shamba tatu ndani. Unipe Ondoa.”

“Zote?”

“Zote. Mimi nitaangalia tu.”

Alicheka polepole, bila ubaya kwenye uso.

“Lakini shemeji, si weye ulisema ngombe mbili?”

“Nilikosea.”

“Hapana. Ulipima vizuri. Mimi niko napenda ile bei.”

Akarudisha karata zangu kwa mukono moja. Tukacheza. Ile siku karata zilimukatalia Adolphe, alibaki nyuma. Étienne, jembe kwa jembe, kuku kwa kuku, na shamba mbili, alifika makumi mbili na mbili. Kisha akatoa nyumba. Hakuitupa kama zingine. Aliilaza karibu na goti la Adolphe, akaigeuza ili mulango umuangalie yeye.

“Nane,” alisema. “Ni nyumba yangu, Yaya Adolphe. Unaijua. Ulikunywa chai ndani. Kama uko na neno na siye juu ya kifo ya Constant, ichome hapa, leo, mbele ya macho yangu, nijue. Kama hauna neno, choma Ondoa peke yake, na mardi tutapanda lori. Lakini usirudi nayo ndani ya mufuko.”

Babula ilikuwa nyekundu. Sufuria ya maharagi nilikuwa nimeitelemusha. Adolphe aliangalia madirisha mbili. Aliangalia muparachichi. Kidole chake kilikuwa juu ya kifungo, na mimi, mutu niliyemuomba Mungu alinde nyumba za watu wote, nilikuwa nasema ndani ya roho: iweke, hata uchome, iweke tu.

“Mimi sina haraka,” Adolphe alisema.

Wote kwenye mukeka tuliona ile kidole haitembei.

“Ni makumi tatu,” Étienne alisema. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu aliyesahau somo. “Nimeshinda? Mama Angélique, hesabu. Nimeshinda?”

Nilihesabu. Zilikuwa makumi tatu. Nikazihesabu tena.

Micheline alisogea kwa magoti mpaka mbele ya Adolphe.

“Shemeji,” alimuita, jina ambayo hajamuita hata siku moja, kwani ni yangu mimi. “Usichome kitu. Iache tu hapa juu ya mukeka. Iache, twende.”

Adolphe alisimama. Alipapasa mufuko, akaona kifungo kimefunga. Akavaa kiatu cha kushoto, kisha cha kuume, akapita karibu na vitambaa mbili vya Micheline, akatoka na Ondoa yake.