Hoteli Iliyoipa Barabara Kisogo

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na moja Juni 2014, saa nne asubuhi. Bwana mmoja wa serikali, kofia ya plastiki kichwani, alipigilia kigingi chekundu nje kidogo ya Garsen, akamwambia Thoya, "Mzee, stesheni ya reli ni hapa. Jengeni."

Wakajenga. Thoya na mkewe Kanze waliuza mbuzi wote wakasimamisha vyumba sita, baraza ikitazama kule kwenye kigingi. Kanze ndiye aliyeshikilia: mgeni apokewe na uso, si kisogo. Kisogo wakaipa barabara: jiko, kamba ya nguo na kuku.

Reli haikuja. Wakubwa ndio waliokuja, wakala samaki, wakasema "mwakani", wakaenda zao. Mwaka wa tano Kanze akafa, akingali anaifagia baraza ile. Thoya hajawasamehe. Hata mto, husema, ukiahidi mafuriko huyaleta, wakubwa je?

Lakini njaa hawakuiona. Madereva na wachuuzi wa ng'ombe walifuata harufu ya samaki wa nazi, wakapenya jikoni, wakala wamekalia magunia. Vyumba havikosi watu.

Jana binti wa Thoya, Stacy, akamleta fundi Changawa atoboe mlango upande wa barabara.

"Hapana," Thoya akasema. "Mlango wa mbele aliuchagua mamako."

"Mbele ya nini, baba? Kule ni vichaka vya mathenge tupu, miiba na ngiri."

Bonaya, mchuuzi Mworma aliyelala chumba cha pili tangu Ijumaa, akacheka hadi chai ikamtoka puani. "Wee Mgiriama! Hoteli yako ni ng'ombe aliyeipa barabara matako. Lakini maziwa mnakamua wapi, kwenye pembe?"

Thoya naye akacheka, kisha akaugeukia ukuta wa jikoni. Akiubomoa ukuta, si ndiyo kusema Kanze alifagia bure? Akawatazama wageni juu ya magunia, sahani magotini. Kanze hakuwa na haja na reli. Haja yake ilikuwa mgeni apokewe na uso.

"Lete nyundo," akasema. Pigo la kwanza akalipiga mwenyewe.

Leo mlango u wazi, na juu yake fundi kapigilia kibao: STESHENI HOTELI. Thoya kakaa kizingitini na kikombe chake, roho imetulia, anamwamkua kila apitaye. Mama mmoja kutoka Nanighi akakisoma kibao, akatua sanduku lake, akauliza:

"Baba, garimoshi linapita saa ngapi?"