Somo wa Minza

Sosthenes, msaidizi wa maabara, alikuwa anamenya viazi pale sahani ya kioo iliyokuwa karibu na dirisha ilipoanza kulia. Viazi hivyo vya Njombe hupikwa kwenye maabara hiyo, mjini Iringa, ili kutengeneza chakula cha kuoteshea kuvu, na vinavyobaki hukaangwa chipsi, wala hakuna anayelalamika. Aliweka kisu chini na kufunga dirisha, akidhani kuna mama na kichanga nje. Kilio kikaendelea. Akainamia sahani, akasikiliza, kisha akamwita Yudith.

Yudith ni mtafiti wa kuvu za udongo. Hii ya kwenye sahani aliitoa kwenye shamba la mpunga upande wa Madibira, ikatanda juu ya kile chakula cha viazi kwa nyuzi nyeupe, rangi ya maziwa mgando. Walitafuta kila mahali na hawakupata mwenzake duniani. Ilikuwa imebaki kuieleza rasmi: rangi, nyuzi, harufu, mahali ilipotoka, na jina.

"Inalia tangu saa ngapi?" Yudith aliuliza.

"Tangu jua lizame."

"Basi hilo nalo tuliweke."

Dokta Faustin, mkuu wa maabara, alikuja akasikiliza, mikono mifukoni, akashauri kilio kiwekwe baada ya harufu. Jina alikuwa nalo tayari. Kuvu ingeitwa kwa heshima ya Bwana Edmund, mwenye shamba, aliyewafungulia geti wakachimba. Alipolitamka jina hilo, sahani ikalia mpaka ikakauka sauti. Dokta akasema labda ni baridi, akaaga akaenda zake.

Yudith hakuweza kuiacha inalia peke yake usiku kucha. Aliiweka kwenye kapu akaenda nayo nyumbani, Kihesa, kwa mama yake, Mama Tekla.

"Usomi wote huo," Mama Tekla alisema, "halafu mnamwacha mtoto bila jina?"

Kwao, mtoto akikataa ziwa na kulia bila sababu, wakubwa huanza kumwitia majina ya marehemu wa ukoo. Jina atakalonyamazia, huyo ndiye amekuja. Mama Tekla alipakata sahani, akaifunika kanga, akaacha wazi juu tu kama uso wa kichanga, akaanza na upande wa baba, waliolala Kalenga. Akaja upande wake mwenyewe. Alipomtaja Bibi Benedicta kilio kilizidi, jambo ambalo halikumshtua mtu, maana Bibi Benedicta hata alipokuwa hai watoto walikuwa wakimkimbia. Marehemu wakaisha. Sahani bado inalia.

"Huyu si wetu," Mama Tekla alisema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Mmemchukua kwa watu, Yudith. Mrudisheni akaulizwe kwao."

Yudith na Sosthenes wakamrudisha Madibira. Kwenye tuta la mfereji, pembeni ya shamba, walimkuta Mzee Mwigulu akichunga ng'ombe wachache aliobakiwa nao. Yeye na mkewe walihamia huku Usangu kutoka Usukumani wakiwa vijana. Alisikia kilio ndani ya kapu, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakufundisha kubeba mtoto hivyo? Mlete hapa."

Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaikazia macho.

"Minza," alisema.

Ikanyamaza.

Minza alikuwa mke wake. Alimzika nyuma ya nyumba yao, kabla watu hawajahamishwa kupisha shamba. Nyumba zikabomolewa, pakalimwa. Mzee Mwigulu alikwenda ofisi ya shamba kuomba kitu kimoja tu, trekta izunguke pale alipolala mke wake. Wakamwambia pale hapajawahi kuwa na kaburi. Akaenda tena, wakamwambia anaota. Tangu hapo kila msimu wa kulima husimama kwenye tuta na kuitazama trekta ikipita juu ya mkewe.

"Pale mlipochimba ndipo kwenye kichwa chake," alisema. Kisha akamgeukia Yudith. "Wewe umesoma, mwanangu. Andika alipotoka. Wakiona kwenye maandishi ya wasomi hawataniambia tena naota."

"Nitaandika, baba."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Na aliandika. Jina la kuvu likawa la Minza, likatengenezwa Kilatini kama sheria za majina zinavyotaka. Penye mahali ilipopatikana akaweka: kaburi la Minza, mke wa Mwigulu, ndani ya shamba la mpunga. Wahakiki wa jarida la ng'ambo walirudisha maswali. Mmoja alitaka kujua kama viazi vilimenywa au vilipikwa na maganda yake. Mwingine aliomba kilio kipimwe pia siku ya mvua. Kuhusu kaburi hawakuuliza lolote.

Aliyeuliza ni Dokta Faustin. Alimwita Yudith ofisini, akaweka kidole kwenye mstari.

"Jina nimekubali, ni zuri. Hili kaburi limetoka wapi?"

"Limetoka ardhini, Dokta."

"Ofisi ya shamba inasema hakuna kaburi."

"Na anayelia?"

"Anayelia tumeshamweka, yuko ukurasa wa pili. Mimi naongelea kaburi. Tukiliandika hawatatufungulia geti tena, na kazi yetu yote ndiyo basi."

Dokta akaufuta mstari. Yudith alienda chooni akalia kwa hasira, akanawa uso, akarudi, akanyamaza. Kuvu kama hiyo alikuwa ameitafuta ujana wake wote. Maelezo yakachapishwa, na pale Iringa wakanunua soda wakapongezana.

Msimu wa kulima alimpelekea Mzee Mwigulu nakala, na sahani pia, maana aliiomba. Mzee aliipokea.

"Wangaluka, mke wangu," aliisalimu, kama mababu wanavyowasalimu wajukuu waliobeba majina ya wake zao. Akakaa kwenye tuta, sahani mapajani. "Haya, soma."

Yudith akasoma jina. Mzee akacheka. "Wamemvalisha Kizungu!"

"Kilatini, baba. Kama cha mapadri wa zamani."

Akasoma rangi ya maziwa mgando, mzee akaitikia kwa kichwa. Akasoma kilio. "Ndiyo sauti yake hiyo," mzee alisema. "Hawajakosea." Yudith akafika penye mahali ilipopatikana. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Soma, mwanangu."

"Ilipatikana," alisoma, "katika udongo wa shamba la mpunga."

Sahani ikaanza kulia, mchana kweupe.

"Na kaburi?"

"Wamelitoa, baba."

"Wewe ulikuwepo walipolitoa?"

"Nilikuwepo."

Mzee Mwigulu hakumwangalia tena. Alivua koti, akaifunika sahani, akaanza kuitikisa taratibu mapajani. "Nyamaza, mke wangu," alisema. "Hata mimi waliniambia hivyo hivyo. Nyamaza." Haikunyamaza. Ng'ombe walikuwa wameshafika mbali na hakuna aliyewafuata. Dereva wa trekta alikisikia kilio kutoka katikati ya shamba, akaongeza sauti ya redio kama alivyozoea, akageuza mwisho wa shamba, akarudi.