Pweza Mwenye Cheti

Kila asubuhi saa moja na nusu Glenys Pritchard alimwaga ndoo ya mashine ya kunyonya unyevu. Baridi ya kisiwani Gozo haina theluji, ila nyumba za mawe hunywa mvua usiku na kuitema mchana, na mashine yake ilitoa lita nne kila kukicha. Alimwaga maji uani, akarudisha ndoo, akavaa sweta la tatu, ndipo akachemsha chai. Jumanne moja mwanzoni mwa Desemba, ndani ya ndoo mlikuwa na kisamaki cha urefu wa kidole, kizima, kinazunguka.

"Mwaka huu wamewahi," alisema Salvina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuazima kiberiti. "Kwa marehemu mama walikuwa hawatoki mpaka Februari. Hebu onja maji, yana chumvi?"

Yalikuwa na chumvi.

"Ndo hivyo basi. Kunja zulia mapema, shoga."

Kufika Krismasi, bahari sebuleni ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Iliingilia ukuta wa kaskazini, taratibu, bila fujo, na jioni ilikuwa na mawimbi madogo. Glenys aliinua kochi juu ya matofali, akaweka hita ya umeme juu ya meza, akanunua viatu vya mpira, maisha yakaendelea. Samaki hawakumsumbua hata kidogo, maana walimpunguzia safari za buchani. Kilichomkosesha usingizi ni bili ya umeme.

Umeme kule una bei mbili. Nyumba yenye watu walioandikishwa hulipa bei nafuu. Nyumba ambayo kwa karatasi haina mtu hulipa bei ya matajiri wanaokuja Agosti kuogelea. Karatasi hiyo hutiwa saini na mwenye nyumba, na ya nyumba ya Glenys ilisema: wakazi, sifuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Glenys alikuwa na miaka tisa mle ndani, mumewe Emrys alifia mle na kuzikwa pale mlimani, na jembe hajapewa mpaka leo. Pensheni yake ya mpishi wa shule si kitu cha kuringia. Bili ya msimu huu ikimshinda, atarudi Wales, kwenye chumba cha juu ya gereji kwa dada yake, na Emrys atabaki peke yake bila wa kumpelekea ua. Hilo lilimuuma, na lilimuuma upya kila alipowasha hita.

Baada ya mwaka mpya alikuja Wistin, mwenye nyumba. Alivua viatu, akakunja suruali, akatembea majini hadi dirishani, akarudi.

"Hongera, mama," akasema. "Sasa hii ni nyumba ya ufukweni. Kodi inapanda yuro themanini."

"Bwana Wistin, mimi nataka saini tu. Andika mtu mmoja. Mmoja!"

"Usinitafutie balaa. Nikiandika kuna mtu, watu wa mapato si wataniuliza huyo mtu ananilipa nini?"

"Kwani sikulipi?"

"Unanilipa, tena vizuri, Mungu akubariki. Ndiyo maana siandiki."

Akafuta miguu kwa taulo la jikoni na kwenda zake.

Wakati huo pweza alikuwa ameshaanguliwa nyuma ya kabati la vyombo. Januari, siku ya kubariki wanyama, watu wakipeleka kanisani mbwa zao na farasi zao, Salvina alimtia kwenye ndoo na kumpeleka pamoja na kanari, ndege wake wa tunduni. Padri aliuliza jina. Salvina akasema Zeppi, jina la mjomba wake marehemu, ambaye naye mikono yake ilikuwa haitulii. Padri akamnyunyizia maji, akamwandikia cheti: Zeppi, mzaliwa wa kijiji hiki, Mtaa wa Kanisa, namba kumi na moja.

Glenys alikuwa ameiandikia ofisi ya bili barua saba. Februari akaja afisa, jina lake Indri, na faili kwapani na viatu vya mpira miguuni.

"Nani anaishi hapa?"

"Mimi."

"Saini ya mwenye nyumba iko wapi?"

"Hataki kutia."

"Basi huishi hapa, mama. Pole." Akainama, akatazama chini ya meza. "Na huyu?"

"Huyo Zeppi."

"Kazaliwa wapi?"

"Hapo nyuma ya kabati."

"Ana cheti?"

"Anacho!" alidakia Salvina, aliyekuwa amekaa juu ya kochi akimenya chungwa. "Tena cha padri!"

Indri alikisoma cheti pande zote mbili. Alieleza kwamba aliyezaliwa ndani ya nyumba hahitaji saini ya mwenye nyumba, anajisainia mwenyewe. Akashusha karatasi hadi usawa wa maji. Zeppi akanyoosha mnyiri mmoja na kusaini kwa wino wake, mwandiko safi kabisa.

"Ebo! Na mimi je?" Glenys akauliza. "Si mimi ninayemlisha?"

"Wewe tunakuandika mgeni wake."

Bili ilikuja Machi. Wakazi: mmoja. Zeppi alipewa bei nafuu kwa umeme wote alioutumia, naye hakutumia wowote. Hita, birika na mashine ya unyevu viliandikwa ni vya mgeni, kwa bei ya Agosti. Jumla ilikuwa ileile ya mwaka jana, ikaongezwa ada ya kubadilisha majina. Zeppi alirudishiwa yuro kumi na moja kwa kubana matumizi.

Glenys aliuza samaki wa sebuleni mbele ya mlango wa Salvina wiki mbili mfululizo, akalipa bili, akalipa na zile themanini za ufukwe. Ndipo akafungua barua ya pili, iliyoandikwa kwa jina la Zeppi. Ilimjulisha mkazi kuwa mgeni wake amekaa muda mrefu kupita kiasi. Kama anaridhia aendelee, atie saini. Kama haridhii, mgeni aondoke mwisho wa mwezi.

Alipiga magoti majini, sketi ikalowa, akaishika barua kwa mikono miwili.

"Zeppi, mwanangu. Nina mtu wangu kule mlimani. Nisainie."

Pweza hakuharakisha. Aliishika barua, akaigeuza, akapita nayo chini ya kochi, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi nayo ilikuwa na saini, na juu ya saini ameandika: mwaka mmoja, kisha tutaona.

Glenys alilia, kwa hasira na kwa shukrani, vyote pamoja, asijue kipi kinamliza zaidi. Akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Ahsante, bwana," akasema, akaenda kumtafutia kaa.