Koleo la Kwanza

Vumbi, jamani, vumbi la Shelui! Lori likipita kuelekea Nzega, vumbi linasimama kama pazia jekundu, jua linaingia ndani yake linawaka, na kwa pumzi mbili tatu huoni duka, huoni mbuzi, huoni nyumba ya mtu. Aneth alishuka katikati ya vumbi hilo, begi kichwani, habari kinywani, akakimbia nyumbani.

Habari alikuwa nazo! Chuo amemaliza. Ualimu ameupata. Na Paskali, Paskali mrefu, Paskali wa kwaya, anatuma wazee wake Jumamosi na barua ya posa. Alianza kusema kabla hajatua begi.

"Mama, wanakuja! Kutoka Misigiri! Wana nyumba ya bati, mama, wana hata plau!"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo mama. Wanakuja!"

Halafu vumbi likatulia, na Aneth akauona uwanja wao.

Springi za malori. Rimu. Mapipa yaliyokatwa. Gia zenye meno. Na katikati ya kutu hiyo yote, zana za baba: nyundo iliyokuwa ekseli, fuawe iliyokuwa kipande cha reli, tindo zilizokuwa springi, na makoleo, makoleo saba, ya mdomo mpana na ya mdomo mwembamba, yote yamezaliwa uwanjani hapo. Mzee Melkizedeki hakununua zana hata moja maishani mwake. Aliokota taka, akaipasha, akaigonga, ikawa zana. Kwa zana hiyo akaipasha springi nyingine, ikawa jembe. Miaka ile maduka yalipokuwa na kuta tu, nusu ya Iramba ililima kwa mkono wake.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ile. Sasa ni ruksa, kila mtu anaruhusiwa kuleta na kuuza. Sasa maduka yamejaa majembe ya ng'ambo yenye karatasi za rangi, na chuoni mtu akiuliza, Aneth, baba yako anafanya kazi gani, Aneth alijibu: ni fundi mitambo. Alijibu haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Ijumaa baba alikwenda mazishini kijiji cha pili. Mama alikuwa kisimani. Likaja pikapu la wabadilishaji, wale wanaochukua vyuma chakavu na kukuachia vyombo.

"Dada, una skrepa?"

Na Aneth akasema, ninayo.

Sikieni vizuri, maana aibu iko hapa: hakukosea. Binti wa mhunzi hakosei koleo. Tangu mdogo alivukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi pembeni ya baba yake. Kila zana aliijua kwa jina, aliijua kwa uzito. Koleo la kwanza lilipopita mkononi, mkono ulijua. Akalitupa. La pili, mkono ulijua. Akalitupa. Vyuma vikalia kwenye pikapu, ngwa, ngwa, ngwa, na yeye akajiambia, nitamnunulia mpya, za dukani, zenye rangi. Akapewa mabeseni matatu na chupa ya chai yenye maua. Akafagia uwanja mpaka ukawa kama ukumbi.

Jioni baba akarudi. Akasimama. Akatazama mahali fuawe ilipokuwa imeketi miaka ishirini.

"Umefagia vizuri, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Basi. Hilo tu. Heri angefoka. Heri angevunja hayo mabeseni.

"Mama, amekasirika?"

"Anaoga. Mara ya pili hii." Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Ile mikono itakuwa myeupe lini? Wewe si msomi? Niambie."

Jumamosi wakafika wazee watatu kwa baiskeli. Mbele yao Mzee Sostenes, baba mkubwa aliyemlea Paskali, mtu wa kucheka kabla hajakaa, na kwenye keria yake gunia lenye kitu kizito. Aneth akapiga goti, shikamooni, akamimina chai kutoka kwenye chupa yenye maua.

"Paskali anatuandikia, mchumba baba yake ni fundi mitambo," alisema Mzee Sostenes. "Nikasema, mitambo gani hiyo Shelui? Kuulizauliza, kumbe ni Melkizedeki! Melkizedeki mhunzi! Nikawaambia hawa, jamani, huko hatuendi ugenini. Jembe lililomsomesha Paskali lilitoka uwanja huu huu!"

Akafungua gunia. Jembe la plau, ncha imelika, haling'ati tena ardhi. "Mvua hizi hapa, mkwe. Hebu nigongee kidogo. Nataka nikaseme nilimwona mwenyewe kazini."

Fundi mitambo. Neno lake mwenyewe limetembea mpaka Misigiri na kurudi, likamkuta ameshika chupa ya chai.

"Leo zana ziko mbali kidogo," baba akasema kwa upole. "Niachie."

"Mbali! Au zimeolewa kabla ya binti?"

Wazee wakacheka. Baba naye akacheka, na kicheko hicho cha baba ndicho kilichomkata Aneth. Alikuwa anamfichia. Mtu aliyevuliwa alikuwa anamfunika aliyemvua.

Ule mdomo uliojaa habari, jamani, sasa ulikuwa mkavu. Habari ilibaki moja.

"Zana za baba nilizitoa mimi," akasema. "Niliwapa wabadilishaji. Nikapata hii chupa. Na mabeseni."

"Hukujua kama ni zana?" Mzee Sostenes akauliza.

"Nilijua."

"Sasa?"

"Niliona aibu, wazee wangu. Mngekuja, mngeona skrepa."

Kicheko kikafa. Mzee Sostenes akaweka kikombe chini, bado kimejaa, akakisukuma kwa kidole kimoja. Barua ya posa ilichungulia mfukoni mwa koti lake. Mkono wake ukaenda pale, ukaifunika, ukabaki hapo.

Baba akainuka. Akaenda kwenye dirisha la chumba cha Aneth, akang'oa nondo mbili, moja, halafu nyingine. Akavingirisha jiwe bapa mpaka katikati ya uwanja. Akaokota jiwe jingine la kujaa kiganja.

"Kaa, Sostenes," akasema. "Koleo la kwanza nililifua bila koleo. Nondo ni ndefu; huku moto, huku mkono. Ila nahitaji mtu wa kunishikia." Hakumtazama yeyote. "Aneth. Shika ncha baridi."

Akapiga magoti na gauni lake la posa. Mama akavukuta. Mkaa ukaamka, nondo ikawa nyekundu, ikawa ya chungwa, baba akagonga, jiwe juu ya chuma, na kila pigo likapita ndani ya nondo likaingia kwenye mifupa ya Aneth. Joto nalo likaanza kutembea, taratibu, kuelekea vidole vyake. Hakuachia.

Mzee Sostenes hakuitoa barua, wala hakuondoka. Alisogeza kigoda karibu, wazee wenzake wakasogea, wakainama kutazama. Mwanga wote wa chuma kile ulikuwa usoni kwa Aneth, na mikono yake miwili ilikuwa na kazi. Hakuwa na cha kujifunikia.