Miwani Iliyotunzwa

Kila alipomaliza kutazama, fundi saa aliifunga miwani katika kitambaa cha kufutia vioo, akaitia sandukuni na kugeuza ufunguo mara mbili. Miaka arobaini ya kufungua saa za watu ilikuwa imemfunza kwamba kila kinachozunguka huchakaa. Basi alijipimia: mara moja kwa mwezi, dakika kumi. Mkewe hata hizo hakupewa.

Ndani ya miwani hiyo, kwa imani yake, ndimo alimobaki binti yao. Walimwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kunyamaza. Alikuwa mtengenezaji wa michezo ya uhalisia pepe, ile ya kuvaa miwani ukajiona umo ndani yake, na kabla ugonjwa haujammaliza alitengeneza mmoja wa mwisho: jiko la nyumbani kwao, naye mwenyewe kando ya dirisha, akimtania kila aingiaye.

"Baba, michezo mingine unaipakua, unaisakinisha, inakaa humu humu kwenye kifaa," alimweleza. "Huu wangu uko mtandaoni. Unabonyeza kiungo, kivinjari kinauleta, basi. Hata mtu wa mbali anaingia bila kusakinisha chochote."

"Na miwani nikiitunza vizuri?"

"Tunza tu, mzee wangu." Alicheka mpaka pumzi ikamkatika.

Tangu maziko mkewe aliomba zamu. "Subiri, mama," fundi alimjibu kila mara. "Tukiichezea itatufia." Mama wa watu akasubiri miezi saba, na subira yake haikuvuta heri yoyote, hadi fundi alipolainika akamwahidi Jumapili hii.

Asubuhi hiyo aliijaribu kwanza, peke yake karakanani. Akaona weupe mtupu. Alimpigia simu mtu aliyekuwa akifanya kazi na Chiriku.

"Mzee, ile tovuti yenye mchezo wake ilifungwa juzi. Tangazo lilikaa pale pale mlangoni mwa mchezo siku ishirini, kwamba kila mwenye chake achukue nakala. Hamkuliona?"

"Sikuingia."

"Siku zote hizo?"

"Nilikuwa naitunza."

"Kompyuta yake ya kazini ilishafutwa," sauti ya simuni ikasema taratibu. "Nilidhani nakala mnayo nyinyi. Nisamehe, mzee."

Fundi aliichukia mikono yake, ile ile iliyosifiwa kwa uangalifu.

Mkewe akaingia, amevaa gauni lake jema, nywele amezisuka upya. Akaketi kwenye kigoda cha wateja na kuinamisha kichwa avishwe. Fundi akamvisha.

"Mbona kweupe tu?"

Fundi akaifuta miwani kwa nje kwa kile kitambaa.

"Ah, bado anajipamba," mama alisema, akiweka mikono mapajani. "Hajaacha tabia yake. Mwache, nitamngoja. Mimi nimeshazoea."

Ukutani saa za watu ziliendelea kugonga, kila moja na wakati wake. Fundi alisimama nyuma ya mkewe, ameshika mkanda wa miwani kisogoni, asijue aulegeze au aukaze.