Joto la Vyumba vya Nyuma

Boila ya gesi iliyopasha joto jumba kuukuu la matofali mekundu pale mtaani Erdington, ughaibuni, ilipozimika kabisa, wengi katika kamati ya jumba hilo walitaka inunuliwe nyingine ya gesi, mambo yaishe. Waliokataa walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni Jepchirchir, muuguzi kutoka Eldoret, aliyewawakilisha Wakenya waliosali katika ukumbi mkubwa kila Jumapili. Wa pili ni Kulwant, mama Msingasinga aliyezaliwa Kisumu, msimamizi wa chakula cha mchana cha wazee katika vyumba vya nyuma.

Wao walitaka pampu ya joto, mtambo unaokaa nje, ukavuta joto la hewani hata siku ya baridi na kuliingiza ndani kwa umeme, bila kuchoma gesi.

"Tunawafundisha watoto kuitunza dunia," Jepchirchir aliiambia kamati, "halafu sisi wenyewe tunaichafua tukiimba?"

Walihangaika pamoja tangu masika. Walipanda treni hadi mtaa wa Selly Oak kuona kanisa la zamani lililokwisha kufungiwa mtambo huo, wakasimama humo wamevua makoti, wakicheka kama wasichana. Mumewe Jepchirchir alipolazwa hospitalini, Kulwant ndiye aliyewaletea chapati na dengu, akakaa na mwenzake mpaka akala. Alikuwa akimwita mwanangu. Basi alipomwomba awashawishi Wakenya waipigie pampu kura, Jepchirchir hakusita. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaahidi ukumbi wenye joto, hakuna tena kuimba na glavu mikononi. Kura zao ndizo zilizoiangusha gesi.

Jumamosi moja fundi Ranvir akaja kupima. Alitia alama za chaki vyumba vya nyuma, jikoni na kwenye korido, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Na ukumbi?" Jepchirchir akauliza.

"Ukumbi haumo. Dari iko juu mno. Ingebidi mabomba yapite chini ya sakafu, na sakafu ya kale kama ile hairuhusiwi kung'olewa. Nilimweleza Kulwant kabla hamjapiga kura."

Jepchirchir alimkuta Kulwant jikoni akimenya vitunguu.

"Mama, ulijua?"

Kulwant aliendelea kumenya. "Nilijua."

"Ukaniacha niwadanganye watu wangu."

"Miaka yote boila ile joto lake lilikuwa linapanda kwenye dari ya ukumbi wenu. Huku nyuma tulipata mabaki. Wazee wangu wanakula na blanketi magotini, mwanangu. Wangeleta gesi nyingine, ingekuwa vilevile. Ningekuambia, ungenipa kura?"

"Sijui. Hukuniuliza."

Kulwant akachukua kitunguu kingine. Jepchirchir akaelekea mlangoni, kisha akageuka.

"Na zile chapati? Zilikuwa za kura?"

Hapo Kulwant akaweka kisu chini. "Zile zilikuwa zako na mumeo. Usiseme hivyo."

Jepchirchir alitamani kumwamini. Alimtazama yule mama, vidole vyake vilivyolowa maji ya vitunguu, macho yake mekundu, akashindwa hata kujua kama ni kilio au ni vitunguu. Akatoka bila kuaga.

Kesho yake baada ya ibada alisimama mbele ya waumini akawaeleza yote. Hakuna aliyempigia kelele. Heri wangepiga. Walitazamana tu, mama mmoja akamfunga mwanawe zipu ya koti hadi kidevuni. Kabla ya majira ya baridi walipata ukumbi wa shule moja, wakaamua kuhama.

Siku ya kuhamisha vitu, mtambo ulikuwa umeshafungwa na madirisha ya vyumba vya nyuma yameshika mvuke. Kulwant alitoka na birika la chai ya tangawizi, akawamiminia watoto. Alipomnyooshea Jepchirchir kikombe, Jepchirchir alimpita, akashika upande mmoja wa kinanda na kusaidiana na Kibet, kiongozi wa kwaya, kukitia garini.

"Dada," Kibet akasema kwa sauti ya chini, "kweli hukujua?"

"Sikujua."

"Sawa," akajibu, kwa upole wa mtu asiyetaka ugomvi, na akafunga mlango wa nyuma.

Jepchirchir akaingia garini, akabanana na viti na vitabu vya nyimbo. Njia nzima hakuna aliyemsemesha.